Gramu Sitini za Nyegere

Mpaka leo hii wapo watu wanaobisha hodi kwa Msusi wakiwa na kitana mkononi na nywele zimefumuliwa, wakitaka kusukwa. Msusi huwakaribisha, huwapa kiti, kisha huwaonyesha meza yake: jiliwa limebana kipande cha chuma, mota nne ziko matumbo wazi, na mafungu ya waya wa shaba yananing'inia ukutani kwa misumari. "Siku hizi nasuka hivi vichwa," huwaambia. "Havilalamiki kwamba nimevuta sana." Wengine hucheka wakaenda zao. Wengine huenda zao bila kucheka, na hao ndio waliotangaza mtaa mzima kwamba mke wa Mwalimu amerukwa na akili.

Hajarukwa na chochote. Tena wanaosema hivyo nawaomba wakae chini wanisikilize mpaka nimalize, halafu tuone nani wa kuona haya.

Zamani alikuwa msusi kweli, tena msusi hodari. Siku moja, saluni imejaa wateja, ile mashine kubwa ya kukaushia nywele ikatoa moshi, ikanyamaza. Fundi akaitwa, akaitazama kwa mbali, akasema waifuate baada ya wiki tatu. Wiki tatu! Na bibi harusi amekaa kwenye kiti, kichwa kimelowa, harusi ni jioni hiyohiyo. Yule binti, maana wakati ule alikuwa binti bado, akachukua bisibisi akaifungua mwenyewe. Ndani akakuta waya mwembamba umezungushwa mzunguko juu ya mzunguko, umelazwa vizuri, umefungwa kwa uzi. "Kumbe na hii imesukwa!" akasema. Bibi harusi alikaushwa kwa feni ya mezani, lakini wiki ile ile binti akaufumua ule waya ulioungua, akihesabu kila mzunguko na kuandika kwa kalamu kiganjani, akatafuta mpya, akausuka upya kwa hesabu ileile. Mara ya kwanza mashine ilizunguka kinyumenyume. Mara ya pili ilikausha nywele, na msusi akawa fundi wa mota. Jina hakulibadilisha. Huu mwaka wa ishirini na mbili anasuka mota za feni, za pampu, za drili na za mashine za kusaga nafaka. Mafundi wanaume waliomcheka mwanzoni ndio wanaomletea zile zilizowashinda, tena wanapitia mlango wa uani ili wasionekane.

Sasa tuje kwenye maroboti anayoyaunda. Chuo cha ufundi kilimwita akatengeneze pampu, na alipokuwa anakatiza ukumbini akaona watu wamezunguka sanduku kubwa la plastiki ngumu inayoonyesha ndani. Ndani yake vitu viwili vidogo, kila kimoja ukubwa wa pasi, vilikuwa vinakimbizana na kugongana, cheche zinaruka. Kila kimoja kilikuwa na mtu wake nje, ameshika rimoti, jasho linamtoka. Msusi alisimama pale, mfuko wa vifaa begani, mpaka mlinzi akamuuliza kama amepotea. Aliambiwa kwamba ni mashindano, kwamba roboti yoyote inaruhusiwa mradi mwenyewe ameiunda na haizidi kilo moja na nusu. Hata gramu moja ikizidi, unarudi nyumbani. Siku hiyo Msusi alirudi nyumbani akapitiliza jikoni, akachukua ubao wa plastiki wa mama mkwe wake, ule wa kukatia mboga, akaukata kwa msumeno.

"Ubao wangu uko wapi?" mama mkwe akauliza jioni.

"Mama, umepata kazi nyingine," Msusi akajibu.

Ndivyo alivyozaliwa Nyegere. Mwili wake ni ubao wa mboga, maana ile plastiki ni nyepesi na haipasuki ukiigonga. Magurudumu yamekatwa kwenye soli za kandambili, yanashika sakafu vizuri ajabu. Betri zimetoka kwenye drili iliyokufa. Mbele ana ngoma ya chuma, nene kama mpini wa jembe, yenye meno mawili, inayozunguka kwa kasi hata usiyaone meno yenyewe mpaka yamekuuma. Na mota inayoizungusha hiyo ngoma ilitoka kwenye ndege ya kuchezea iliyoanguka juu ya bati la mtu. Msusi aliifumua yote, akaisuka upya kwa waya mnene zaidi, akaifunga kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, kama alivyokuwa akifunga ncha za nywele. Mtu akikwambia alinunua mota hiyo, mwambie amekosea.

Kitu kimoja tu Nyegere hakuwa nacho. Nyuma, pale betri zilipo, hakuwa na ngao. Si kwamba Msusi hakuitengeneza. Aliikata mwaka wa kwanza kabisa kutoka kwenye panga kuukuu, akaitia tupa mpaka ikalala sawasawa, akaitoboa matundu manne ya bolti. Alipoifunga na kwenda kupima, uzito ukazidi. Akaifungua, akaitundika ukutani kwa msumari, na hapo ikabaki. Ila kila alipokwenda kwenye mashindano aliitia kwenye sanduku la vifaa, kama mtu anayebeba mwavuli wakati wa kiangazi. Matundu manne kwenye ubao nayo aliyaacha wazi. "Tundu halili wala halinywi," alisema.

Na alipima wapi? Hapo ndipo penyewe.

Nyumba ile ni ya mama mkwe. Upande wa barabarani ina duka, na duka ni la mwanawe wa kwanza, kaka yake Mwalimu, ambaye mtaa mzima unamwita Kibaba kwa sababu hawezi kukupimia chochote bila kusema "haba na haba hujaza kibaba." Pembeni ya duka ndipo kilipo chumba cha Msusi. Kibaba ana mizani ya umeme juu ya kaunta, inaonyesha mpaka gramu, na mtaani pale hakuna nyingine ya namna hiyo. Basi kila Msusi alipopunguza kitu au kuongeza kitu, alimkumbatia Nyegere wake akaingia dukani.

"Lete dubwana lako, shemeji," Kibaba alikuwa akisema kwa sauti, wateja wasikie. "Leo limeshiba au limefunga?"

Wateja wakacheka, Nyegere akawekwa, namba zikawaka, na Msusi akarudi chumbani kuchonga. Alimtoboa Nyegere mbavu ili apungue. Alikata vichwa vya bolti. Alipunguza kandambili mpaka zikawa nyembamba kama ulimi wa kiatu. Na ile ngao ikabaki msumarini, maana mizani ilisema hivyo, na nani atakayeipima mizani ya shemeji yake?

Mwaka wa kwanza akaenda, akashindwa. Mwaka wa pili akaenda, akafika fainali, akashindwa. Mara zote mbili na mtu yuleyule, fundi friji mmoja mrefu mwenye roboti inayoitwa Pangaboi, kwa sababu juu yake linazunguka panga refu kama la feni ya darini. Na mara zote mbili Pangaboi alimzunguka Nyegere, akampiga nyuma, akamkata waya wa betri. Sekunde mbili tu, Nyegere kazima, hoi. Alipofika nyumbani, Kibaba alikuwa ameshaandaa maneno yake. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, shemeji. Hicho chumba nipe niweke magunia."

Hakuwa anatania. Duka lilikuwa limejaa, magunia yanakaa mpaka chini ya kitanda chake, na alikuwa amekwisha kumwambia mama yake mara tatu. Mama mkwe ni mtu wa haki kwa namna yake. Alimwita Msusi barazani, akamwambia, "Mota zako unaweza kuzisukia hata uani chini ya turubai. Chumba nilikupa kwa sababu ulisema una jambo kubwa. Nimeona miaka miwili, jambo silioni. Nenda mara ya tatu. Ukirudi mikono mitupu, mpe mwenzio chumba." Halafu, kwa kuwa alikuwa na kero nyingine, akaimalizia palepale: "Na mkono wako kwenye sukari ni mzito. Kilo mbili zinaisha kabla ya wiki. Tia kijiko kimoja, usitie viwili."

"Natia kimoja, Mama."

"Basi kijiko chako ni kama koleo."

Uani chini ya turubai! Vumbi moja likiingia kwenye mota mbichi yenye vanishi, kazi ya siku tatu imekwisha. Msusi alilijua hilo, Mwalimu alilijua, na hakuna aliyebishana na mama. Msusi alirudi chumbani, akatazama kuta zake moja moja, akaingia kazini. Mwaka huo ndio aliisuka upya ile mota ya ngoma kwa waya mnene kuliko wote. Ilikuwa na nguvu mpaka meza ikahama. Lakini shaba ni nzito, na gramu alizozichonga kwa miezi mitano zote zikaliwa na waya. Alipompima mara ya mwisho kwa Kibaba, mizani ikasoma elfu moja mia nne tisini na nane. Zilibaki gramu mbili. Ngao ikarudi msumarini, na Msusi, aliyekuwa halii ovyo, akalia kidogo akiwa amemgeukia ukuta.

Siku ya mashindano Mwalimu alibeba sanduku la vifaa na Msusi akambeba Nyegere kwenye taulo. Mwalimu ni mwanamume mpole, mwalimu wa hesabu, na kazi yake siku hizo ilikuwa kushika vitu na kutosema "pole" mapema. Miaka iliyopita chuoni walipimia mizani ya kuning'inia: upande huu jiwe la kilo moja na nusu, upande huu roboti yako, na wewe ukipanda juu umepita. Hakuna aliyeuliza umepanda kiasi gani. Mwaka huu walikuwa na mizani mpya ya umeme, na dada mmoja mwenye koti jeupe aliyesoma kila uzito kwa sauti ya bunge.

"Nyegere!" akasoma. "Gramu elfu moja, mia nne arobaini. Amepita. Anayefuata!"

Msusi hakusogea. "Dada, rudia."

"Mia nne arobaini, mama. Umepita, hongera."

"Mizani yako ni mbovu. Huyu ana mia nne tisini na nane. Namjua kama ninavyoijua tarehe yangu ya kuzaliwa."

Yule dada hakukasirika. Alitoa jiwe la kupimia lenye muhuri, la kilo moja, akaliweka. Elfu moja kamili. Akaweka la nusu kilo juu yake. Elfu moja mia tano. Akamrudisha Nyegere. Mia nne arobaini. "Mama," akasema, "mizani hii ilihakikiwa juzi. Ya kwako umepimia wapi?"

Msusi akaikumbuka kaunta ya Kibaba. Akageuka akamtazama mumewe, na Mwalimu alikuwa ameshafika kwenye jibu, maana mtu wa hesabu hachelewi. Alikuwa anakunja na kukunjua leso yake.

"Gramu arobaini katika kila kilo," akasema polepole.

"Miaka miwili!" Msusi akasema. "Miaka miwili, Mwalimu! Nimemtoboa mbavu! Nimemvalisha kandambili za karatasi! Nyuma anakwenda uchi, anapigwa kama ngoma, na kumbe nafasi ilikuwepo! Na anicheke mbele za watu! Leo nikifika pale nitamwaga mchele wake wote barabarani."

"Nakuomba usiseme," Mwalimu akasema. Macho yake yalikuwa chini. "Ni kaka yangu. Na Mama hununua kwake. Niachie mimi, nitaongea naye taratibu."

"Taratibu ya lini?"

"Mke wangu."

Alipomwita hivyo, Msusi alimgeukia. Alimtazama mtu huyu aliyembebea sanduku miaka mitatu bila kumwuliza hata siku moja linafaa nini, na akaona aibu ya ndugu yake imemkalia shingoni. "Sawa," akasema. "Sitasema neno. Lakini nipe lile sanduku."

Ngao ilikuwemo, chini kabisa, imefungwa kwenye kitambaa. Matundu manne yalikuwepo, wazi, yanaisubiri tangu mwaka wa kwanza. Bolti nne, spana moja, dakika tano. Ilikaa mahali pake kama mlango kwenye fremu yake. Msusi akampandisha Nyegere tena kwenye mizani, na dada wa koti jeupe akasoma: elfu moja, mia nne tisini na nane.

"Si nilikwambia," Msusi akamwambia.

Roboti mbili za mwanzo sitazisimulia sana. Ya kwanza ilikuwa na uma wa kunyanyulia. Ngoma ya Nyegere iliung'oa. Ya pili ilipinduka yenyewe kwa woga, na mwenyewe akasema rimoti imekwisha betri, sote tukamwamini. Fainali ikawa ileile ya mwaka uliopita, na fundi friji akaja kumsalimia Msusi kwa heshima zote, mikono miwili, kama mtu anayekwenda kuzika.

"Pole mapema, mama," akasema.

"Asante, mwanangu. Nawe pia."

Dakika tatu. Mlango wa sanduku ukafungwa. Pangaboi hakutaka maneno: alianza kuzungusha lile panga lake mpaka likawa sahani, akakata kona, akamzunguka Nyegere kama alivyozoea. Msusi angeweza kugeuka. Mwaka jana aligeuka, na akachelewa. Safari hii aliondoa vidole kwenye rimoti, akamwacha Nyegere amesimama, mgongo nje.

"Msusi!" Mwalimu akapiga kelele. Mwalimu, ambaye hajawahi kupiga kelele hata darasani.

Pangaboi akaja na nguvu zote, akapiga palepale alipopazoea. Mlio wake ulikuwa kama sufuria imeangukia sakafu. Cheche zikaruka mpaka kwenye dari la sanduku. Lakini ngao ya panga haikukubali, na nguvu ambayo Pangaboi aliileta ikamrudia mwenyewe: akaruka juu, akajizungusha hewani, akaanguka kwa ubavu, gurudumu moja linalima hewa. Hapo ndipo Msusi aligeuka. Ngoma ikalia, ile sauti ya mota aliyoisuka kwa mkono wake, nyembamba na imara, na Nyegere akaingia chini ya Pangaboi akamchukua gurudumu. Likatoka zima. Akarudi akachukua la pili. Mwamuzi akaanza kuhesabu moja, mbili, tatu, na ukumbi wote ukahesabu naye mpaka kumi.

Fundi friji alizunguka meza akaja kumtazama Nyegere nyuma. Kulikuwa na mchubuko mmoja mweupe, mfupi kama kidole. Akaupapasa. "Hii ngao ilikuwa wapi siku zote, mama?"

"Ukutani," Msusi akasema, na akamtazama mumewe, na hakuongeza.

Mshindi hupimwa tena baada ya fainali, ili asije akadaiwa ameongeza kitu. Dada wa koti jeupe akampima, akaandika karatasi ndogo, akaigonga muhuri, akaibandika tumboni mwa Nyegere. Kombe lilikuwa pistoni ya gari iliyopakwa rangi ya dhahabu, zito la kutosha kumuua mtu. Msusi alilibeba mwenyewe njia nzima. Alitembea katikati ya barabara. Hakuna aliyempigia honi.

Walipofika, jua lilikuwa bado kali. Mama mkwe alikuwa barazani kwenye kiti chake. Fundi cherehani wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye ulimi wake, alikuwa kwenye kaunta anapimiwa unga. Kombe lilipoonekana, fundi cherehani akapiga kigelegele, na mama mkwe akasimama, jambo ambalo magoti yake hayalipendi.

Kibaba akatoka nje ya kaunta. Alilitazama kombe, akacheka kicheko kifupi, akanyoosha mkono amchukue Nyegere. Na mkono ule ulimjua Nyegere. Ulikuwa umempokea kila wiki kwa miaka mitatu. Ukashuka kidogo.

"Mbona limekuwa zito?" akasema. Akamgeuza. Akaiona ngao. "Ahaa! Shemeji! Hiki si kile kibati nilichokupimia kikakataa? Umekifunga kinyemela! Mama, njoo uone. Ushindi wenyewe wa wizi."

"Kaka, acha," Mwalimu akasema.

"Niache nini? Mama alitaka ashinde, hakutaka aibe. Tupime, watu wote waone."

"Kaka, nakuomba. Usipime."

Alimwomba mbele za watu, jamani, muwe mashahidi. Lakini Kibaba alikuwa ameshamweka Nyegere juu ya kaunta, na namba zimewaka, nyekundu, kubwa. Akazisoma mwenyewe, kwa sauti ileile ya kuchekesha wateja: "Elfu moja, mia tano hamsini na nane! Gramu hamsini na nane amezidisha, Mama! Kila siku nasema, haba na haba!"

Mama mkwe akamgeukia Msusi. "Mwanangu, una la kusema?"

Loo, maneno aliyokuwa nayo! Yalikuwa yamejaa mpaka kwenye meno. Lakini alikuwa ameahidi. "Sina, Mama," akasema, na akalishika kombe kwa mikono miwili.

Mama mkwe alisogea karibu. Halafu akainama juu ya kaunta, akamgeuza Nyegere kwa kidole kama mtu anayekagua samaki. "Na hii karatasi iliyobandikwa tumboni? Mimi sina miwani. Mwalimu, isome. Kusoma ni kazi yako."

Mwalimu aliinamia karatasi. Alimtazama kaka yake, na kaka yake bado alikuwa anatabasamu, hajui. "Imeandikwa," Mwalimu akasema, na sauti yake ikawa ile ya darasani, wazi, isiyo na pa kujificha, "uzito ni gramu elfu moja, mia nne tisini na nane. Imepimwa leo, saa nane mchana. Mizani imehakikiwa. Kuna muhuri na sahihi."

"Basi ya chuo ni mbovu!" Kibaba akasema. Tabasamu lilikuwa limeanza kuchoka.

Mama mkwe aliingia mwenyewe nyuma ya kaunta, akasogeza magunia kwa mguu, akashusha rafuni pakiti ya chumvi, ile ya kiwandani, iliyofungwa, imeandikwa kilo moja. Akaiweka juu ya mizani. "Isome."

"Elfu moja arobaini na nne," Mwalimu akasema.

"Hiki kiwanda kina ukarimu," mama mkwe akasema. Akaishusha, akaweka nyingine. "Isome."

"Elfu moja arobaini na tatu."

Fundi cherehani aliutazama mfuko wake wa unga, akaurudisha kaunta taratibu. "Arobaini," akasema. "Si ndizo siku za mwizi?"

Kibaba aliangalia sakafu. Alianza kusema kuna aliyemuuzia mizani ikiwa hivyohivyo, akaacha katikati, maana mama yake alikuwa amemwinulia mkono.

"Miaka mitatu," mama mkwe akasema, "nanunua sukari kwa mwanangu wa kumzaa. Inaisha kabla ya wiki. Nikasema ni sisimizi. Nikasema ni uzee. Kisha nikamsema huyu." Akamgeukia Msusi, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Nilikwambia mkono wako mzito. Nilikwambia kijiko chako koleo. Kila asubuhi, chai mbele yako, nakuhesabia vijiko." Akamshika Msusi mkono wa kulia, ule wenye makovu ya waya, akaukunjua vidole kimoja kimoja. "Mkono huu hauna kosa, mwanangu. Nisamehe."

Msusi, aliyepigana mara tatu bila kutikisika, alilia pale mbele ya wateja, kombe liko kwapani, na hakujali nani anatazama.

Chumba hakikuzungumziwa tena na mtu. Kilichoingia chumbani jioni ileile ni mizani. Msusi aliiweka mezani, akaifungua, akachunguza. Haikuwa imeharibika. Mizani za namna hiyo hufundishwa kilo ni nini, na hii ilikuwa imefundishwa uongo. Msusi akamweka Nyegere juu yake, akaifundisha upya: huyu hapa ni elfu moja mia nne tisini na nane, usisahau. Kisha akaifunga na kuweka tone la vanishi kwenye kila skrubu, ili yeyote atakayeifungua ajulikane.

Habari ya mtaani haihitaji redio. Wiki haikuisha, mwenye bucha akaja kuazima Nyegere ahakikishe mizani yake. Akaja muuza maharage, hakuwa na hofu yoyote, alitaka tu watu waone. Akaja hata mwenye duka la ng'ambo ya barabara, akiongozana na wateja wake wanne waliomshika mkono ili asibadili mawazo. Nyegere akabebwa kwenye taulo lake, akawekwa kwenye kaunta za watu, na mchubuko wake mmoja mgongoni, na karatasi yake tumboni. Na kila mwisho wa mwezi Kibaba mwenyewe hubisha hodi, mizani kwapani, anasema, "Shemeji, nipimie." Msusi humpimia. Hamchomi hata kwa neno moja, na naamini hilo ndilo linalomuuma zaidi. Kibaba siku hizi hupima kimyakimya, na akimaliza huongeza konzi moja juu.

Ila Nyegere hawezi tena kupigana. Akipoteza hata jino moja la ngoma, uzito wake utabadilika, na mtaa mzima unamtegemea kwa uzito ule. Amestaafu, yuko kwenye rafu yake, karibu na pistoni ya dhahabu. Msusi ameanza kuunda mwingine, na huyu atakuwa na ngao tangu siku ya kwanza. Mwili wake ni ubao mpya wa kukatia mboga. Mama mkwe aliuleta mwenyewe chumbani, akauweka mezani katikati ya mota, akauliza msumeno uko wapi.